DVD ya Simeon na Programu Bora Zaidi Duniani

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Ukungu tangu asubuhi. Tetu yote imejifunika blanketi na kulala. Mimi siwezi kulala, nina mipango.

Mama Phyllis, jirani yetu wa upande wa juu, amekuja kunywa chai. Anatimiza miaka themanini Jumamosi ya wiki ijayo na watoto wake wanamfanyia sherehe. Akatoa DVD kutoka kwenye mkoba, imefungwa kwa kitambaa cha kichwa kama yai. Harusi ya binti yake Lynn, mwaka 2008. Ndani yake mumewe Simeon anatoa hotuba ya baba wa bibi harusi. Phyllis hakuisikia hotuba hiyo. Siku ile alikuwa jikoni akipakua chakula, maana mpishi alikuwa amelewa kabla ya wageni. Baadaye hakuhangaika kuitazama. Simeon mwenyewe alikuwa hapo sebuleni, ya nini kumtafuta kwenye DVD? Sasa Simeon ametangulia, na deki yao ya kuchezea DVD ilimfuata.

"Mimi sitaki keki," Phyllis akasema. "Nataka kumsikia tu."

Nilimwonea huruma. Kweli kabisa. Kisha, akiwa mlangoni, akasema kwamba shamba lake la bondeni, lile la kando ya mto, limemshinda kulima. Anatafuta mtu mzuri wa kumkodishia. Maneno hayo mawili aliyasema moja baada ya lingine. Mtu mwenye akili anajua kuyaunganisha.

Shamba lile nimelitamani miaka mingi. Viazi vya pale vinakuwa vikubwa kama viatu. Shida ni kwamba Kingori naye analitamani. Kingori ni jirani wa upande wa chini, polisi mstaafu, mtu anayekwenda kukamua ng'ombe kama anakwenda kukaguliwa gwaride. Ana televisheni pana kama kitanda. Lakini televisheni haina mahali pa kuingiza DVD. Na mimi nina laptop ya zamani, ile nene, yenye kitundu cha diski ubavuni. Watu waliicheka. Sasa tutaona.

Nimemwambia Phyllis aniachie DVD. Nikamwambia mambo ya kompyuta nayajua.

Jumanne, 5 Agosti 2025

Nimeingiza DVD. Laptop ikanguruma kama mashine ya kusaga mahindi, ikatetemesha kikombe changu, kisha ikanyamaza. Ikaandika kwamba haina programu ya kufungua kitu hiki. Inakubali kuwa diski ipo. Haijui tu ifanye nini nayo. Nina shemeji wa namna hiyo.

Mke wangu Warigia alikuwa anapita na ndoo ya maziwa. Yeye ni katibu wa kikundi cha akina mama kanisani na huchapa kumbukumbu za mikutano kwenye laptop hii, kwa hiyo anajiona ana sauti.

"Baba Nyawira, bonyeza ile koni," akasema.

Nikamuuliza koni gani. Akasema ile ya rangi ya chungwa, kama zile wanazoweka barabarani wakitengeneza lami. Alishaiweka humo zamani kwa ajili ya DVD za kwaya. Inacheza kila kitu, na ni ya bure.

Nilimweleza kwa upole kwamba hapa hatutengenezi barabara. Tena kitu cha bure, kwa siku ya miaka themanini ya mama wa watu? Hiyo ni kama kualika wageni na kuwapa maji ya moto bila majani. Na kama kazi yenyewe ni kubonyeza koni, Phyllis atajuaje kwamba nimehangaika? Shamba halikodishwi kwa mtu aliyebonyeza.

"Sawa," Warigia akasema. Ana namna ya kusema sawa inayomaliza mazungumzo bila kumaliza ugomvi. Akaenda zake na maziwa.

Alhamisi, 7 Agosti 2025

Utafiti. Nilikaa nyuma ya duka la Wambugu ambako mtandao unashika vizuri. Nikatafuta programu bora ya kuchezea DVD kwenye laptop.

Mtandao umejaa watu wakarimu. Nilipata makala ya mtaalamu mmoja aliyejaribu programu kumi na kuzipanga kwa ubora. Ya kwanza inaitwa CineKing Platinum. Alieleza sifa zake ukurasa mzima: picha inang'aa, sauti inazunguka chumba, rangi zinajirekebisha zenyewe. Zile nyingine tisa alizipa mstari mmoja mmoja, na kila moja ina kasoro. Ya koni ilikuwa ya tisa. Kasoro yake, haina mwonekano wa kifahari. Nilikuwa najua.

Chini kabisa ya makala kulikuwa na maandishi madogo kwamba mwandishi ni mfanyakazi wa CineKing. Vizuri. Nani anaijua programu kuliko mtu anayeitengeneza?

Nikaipakua. Ilichukua muda mrefu na bando langu lote. Kila iliponiuliza swali nilibonyeza ndiyo, kwa sababu mimi si mtu wa kukataa-kataa. CineKing ikaingia. Pamoja nayo ikaingia programu ya kusafisha kompyuta, ambayo papo hapo iligundua kwamba kompyuta yangu ni chafu kupindukia. Ikaingia nyingine ya kutabiri hali ya hewa. Leo kutakuwa na jua kali, inasema. Nikatazama nje. Ukungu umefika mlangoni mwa duka. Baadaye nikaona ni hali ya hewa ya Manila.

Ijumaa, 8 Agosti 2025

Inacheza. Niliandika mapema kwamba mambo ya kompyuta nayajua, na leo naandika tena.

Picha ni safi. Katikati ya picha kuna maandishi makubwa meupe yanayosema hili ni toleo la majaribio, lakini ukikunja shingo kidogo unawaona watu pembeni. Nilimwona Lynn akishuka kwenye gari. Niliwaona akina mama wakiimba. Nilijiona mimi mwenyewe, nikiwa na nywele, nimevaa suti ya kahawia, nikirudi kwenye foleni ya nyama na kujifanya sijawahi kupita hapo. Warigia alikuwa amesimama nyuma yangu akitazama. Akasema suti ile ilikuwa nzuri. Sijui alimaanisha nini.

Kisha akatokea Simeon. Mrefu, kofia mkononi. Akapewa kipaza sauti. Akakitazama. Akafungua mdomo.

Picha ikakatika. CineKing ikaandika kwamba muda wa kuonja umekwisha na nikitaka kuendelea ninunue programu kamili.

Nikafunga, nikafungua upya. Gari, akina mama, nyama, keki, Simeon, mdomo, basi. Nikarudia. Kila mara wananikatia palepale kwenye mdomo. Hawa watu wa CineKing wangefaa kuendesha kampuni ya maji.

Warigia akasema, "Na koni iko hapo tu, chini, upande wa kushoto."

Nikamwambia aniachie mimi. Haya ni mambo ya teknolojia.

Jumapili, 10 Agosti 2025

Kanisani. Mahubiri yalihusu kumpenda jirani. Kingori alikuwa ameketi mbele yangu, shingo imenyooka, na niliitazama shingo hiyo muda wote wa mahubiri.

Baada ya ibada alimfuata Phyllis hadi kwenye ngazi. Nilisogea karibu nikijifanya nafunga kamba ya kiatu. Akamwambia kuna mfanyabiashara Nanyuki, jina lake Abdinasir, anauza vitu vya umeme vilivyotumika, na ana deki ya DVD moja tu iliyobaki. Ameshampigia simu amwekee. Ataifuata wiki hii, aiunganishe na televisheni yake, na siku ya sherehe watu wote watamwona Simeon akiwa mkubwa kama mtu mzima aliye hai.

Phyllis akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema, "Kingori, Mungu akubariki. Na Mutahi pia anajaribu na ile kompyuta yake."

Anajaribu. Nilibaki nimeinama pale na kiatu changu. Hakina kamba, ni cha kuvuta.

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Nimekwenda Nanyuki. Nilimwambia Warigia naenda kuuliza bei ya mbegu za viazi. Mlima Kenya ulikuwa umejitokeza wote, mweupe juu, unanitazama. Sikuutazama.

Abdinasir ni mtu mpole mwenye ndevu zilizotiwa hina. Mkewe Zeynab alikuwa kwenye kaunta akikunja nyaya. Niliuliza deki ya DVD. Akasema iko moja, lakini imewekwa kwa ajili ya mtu wa Tetu.

Nikasema, "Mimi natoka Tetu."

Si uongo. Akauliza kama ndiye aliyepiga simu. Nikasema nimetumwa. Hilo nalo, ukilitazama vizuri, si uongo mkubwa. Nilitumwa na moyo wangu.

Basi akanifungulia. Hakutaka niondoke bila kuijaribu. Akaiunganisha na televisheni ndogo, Zeynab akatafuta diski ya harusi ya mdogo wake, tukasimama watu watatu tukiwatazama wanawake wa Nanyuki wakipiga vigelegele. Ikacheza bila tatizo lolote. Abdinasir akasema siku hizi mtu anayenunua kitu kama hiki huwa kuna mtu wake ndani ya diski. Akaifunga kwenye gazeti kwa uangalifu, akaniombea safari njema.

Nilijisikia vibaya njiani hadi Naro Moru. Baada ya hapo nikawa sawa.

Nimeificha deki kwenye stoo ya nyasi za ng'ombe, nyuma ya magunia. Sasa nina deki inayofanya kazi, nina televisheni ndogo sebuleni, na nina DVD. Ningeweza kumwonyesha Phyllis hotuba leo hii kabla chai haijapoa. Lakini Kingori akisikia nina deki atauliza imetoka wapi. Kwa hiyo itabaki stoo, na mimi nitaendelea na programu. Nani alisema mambo haya ni rahisi?

Jumatano, 13 Agosti 2025

Siku mbaya. Nieleze kwa utaratibu.

Asubuhi Kingori alikwenda Nanyuki. Mchana nilijilaza nikifikiria uso wake akiambiwa deki haipo. Nilicheka peke yangu hadi paka akahama.

Saa kumi nilisikia hodi. Kingori. Ameshika mkungu wa ndizi. Nyuma yake Warigia, ambaye alikuwa amekutana naye langoni.

Akasimama wima. Akasema, "Mutahi, mimi nilikuwa nakufikiria vibaya. Leo naomba radhi."

Nikamwuliza kwa ajili gani. Akasema Abdinasir amemweleza kila kitu: kwamba mtu wa Tetu, mfupi, mwenye koti la kijani, alikuja Jumatatu akasema ametumwa kuchukua deki. Mara moja Kingori akajua ni mimi. Kwa maelezo yake, nilimsikia kanisani akisema atakwenda, nikaona mguu wake wenye risasi ya zamani unamsumbua kwenye baridi, nikaamua kumwokolea safari. Na wala sikujisifu. Nilinyamaza tu nikingoja anishukuru kwa wakati wake.

"Watu kama wewe wamebaki wachache," akasema.

Nilifungua mdomo kama Simeon kwenye CineKing. Hakikutoka kitu.

Warigia alinitazama. Alinitazama muda mrefu, kwa ukarimu mkubwa. Kisha akasema, "Kumbe ndiyo maana iko kwenye stoo. Nilipoiona jana nilishangaa." Akaenda, akairudisha imefutwa vumbi, akampa Kingori kwa mikono miwili.

Kingori akaondoka na deki. Mimi nikabaki na ndizi. Warigia amepika ndizi hizo jioni, akaniuliza kama zimeiva.

Alhamisi, 14 Agosti 2025

Sijashindwa. Kingori ana deki, lakini DVD iko kwangu. Na kama laptop itacheza vizuri kabla ya Jumamosi, Phyllis ataona kuna tofauti kati ya kitu cha kisasa na sanduku la mtumba.

CineKing nimeiacha, haina adabu. Nikapakua ya pili kwenye ile orodha, MovieStar Ultra. Hii haikatizi mtu. Kabla ya kuanza inakuonyesha tangazo la dawa ya kuondoa kitambi, kisha tangazo la dawa hiyo hiyo kwa sauti kubwa zaidi, kisha inaanza. Tatizo ni kwamba CineKing ilikuwa bado imo ndani na haikupenda kuletewa mke mwenza. Zote mbili zikaivamia DVD kwa wakati mmoja. Diski ikazungushwa huku, ikasimamishwa, ikazungushwa tena. Laptop ikapata joto kama jiko. Ile programu ya usafi ikatangaza hatari. Manila jua kali. Kisha skrini ikaganda, na kile kitundu cha diski kikakataa kufunguka.

Wakati huohuo Phyllis akapiga simu. Kingori anaomba DVD aijaribu kwenye deki, wasije wakaaibika siku yenyewe.

Nilimwambia DVD inapumzika. Nilimwambia diski za zamani huwa hazipendi kutolewa ghafla kwenye baridi hii ya Agosti. Akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuipenda, "Lakini iko salama, Mutahi? Ni hiyo moja tu niko nayo."

Nikasema iko salama. Nikakata simu. Nikakaa mbele ya ile laptop na kwa mara ya kwanza wiki hii sikufikiria viazi. Kuna mtu mle ndani. Alikuwa mtu mzuri, Simeon. Mara moja ng'ombe wangu alikwama kwenye mtaro, akashuka mwenyewe matopeni na viatu vyake vya kanisani, na baadaye hakunikumbusha hata siku moja.

Nikachukua kisu cha mezani nikajaribu kukifungua kile kitundu kwa ubavu. Kilitoa mlio.

Warigia akaingia. Akanipokonya kisu. Akatoa pini kwenye nywele zake, akainyoosha, akaizima laptop, akaitia pini kwenye tundu dogo ambalo sikuwahi kuliona. Kitundu kikafunguka taratibu kama ulimi wa mgonjwa. DVD ikatoka.

Ina mkwaruzo. Mmoja, mwembamba, unapita upande mmoja. Wa kisu.

Ijumaa, 15 Agosti 2025

Mtandao unasema mkwaruzo wa DVD unasuguliwa kwa dawa ya meno. Nimesugua. Sasa ina mkwaruzo na inanukia mnanaa.

Nimeipeleka kwa Phyllis mwenyewe. Sikusema kitu kuhusu mkwaruzo. Aliipokea, akainusa, akasema siku hizi vitu vinatunzwa vizuri. Akanipa mayai.

Kingori hakuijaribu. Aliletewa hema wakati ule na akakaa nje hadi giza akiwaelekeza vijana jinsi ya kusimamisha nguzo.

Warigia ameuliza kama nimemwambia Phyllis. Nikasema sikupata nafasi. Akasema, "Alikuwa peke yake nyumbani, na wewe ulikaa huko saa nzima." Nikasema nilikuwa nakula.

Jumamosi, 16 Agosti 2025

Naandika jioni, bado ninanuka moshi.

Watu wengi. Hema, viti, mukimo wa viazi na mahindi, nyama, baridi ya kukata masikio. Lynn amekuja kutoka Kerugoya na mumewe na watoto. Televisheni ya Kingori ilibebwa na wanaume wanne kama jeneza, ikawekwa mbele. Deki chini yake. Phyllis ameketishwa kiti cha kwanza, shali mbili mabegani.

Nilikaa nyuma na laptop mapajani, kwa dharura. Ndivyo nilivyomwambia Warigia. Ukweli ni kwamba nilitaka kuwa karibu na mlango wa hema.

Kingori akabonyeza. Picha ikatokea, kubwa, safi. Watu wakashangilia. Lynn akishuka kwenye gari. Akina mama. Mimi kwenye foleni ya nyama, mara ya pili, mbele ya kijiji kizima. Wakacheka. Nikacheka nao kama mtu mzima. Keki ikaletwa. Kisu cha keki kikainuliwa.

Picha ikaganda. Ikavunjika vipande vidogo vya rangi, kama mosaiki ya bafuni. Deki ikaanza kutoa sauti ya kuku anayetafuta pa kutagia. Kingori akabonyeza. Akatoa diski, akaipuliza, akairudisha. Kisu cha keki kikainuliwa. Vipande. Akairudisha mara nyingine tena. Mgongo wake ulikuwa unapinda kidogo kila mara, na sijawahi kuona mgongo wa Kingori ukipinda.

Phyllis aliweka mikono yake mapajani, mmoja juu ya mwingine, kama mtu aliyezoea kuambiwa haiwezekani.

Nikasimama. Nikasema nina kompyuta. Watu wakageuka. Kwa muda mfupi nilikuwa ninachotaka kuwa.

Nikaiweka juu ya meza ya keki, nikaingiza DVD. CineKing ikaniambia muda wa kuonja ulikwisha zamani. MovieStar ikaonyesha kitambi, kwa sauti ya juu, mbele ya mchungaji. Nikafunga. Kitambi kikarudi. Vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi, na nilisikia mtoto akiuliza kama huyo mwenye kitambi ndiye guka, babu yake.

Mkono wa Warigia ukapita juu ya bega langu. Akafunga kila kitu kilichokuwa wazi. Akabonyeza ile koni. Haikuniuliza nani ni nani, haikuuza dawa. DVD ikaanza kuzunguka. Ilipofika kwenye keki ikagugumia, naye akaisukuma mbele kidogo kwa kidole, ikaruka pale palipokwaruzwa kama mtu anavyoruka mtaro, ikatua upande wa pili.

Simeon. Kofia mkononi. Kipaza sauti. Akakitazama.

Akakohoa. Kile kikohozi chake, mara mbili, cha mtu anayesafisha koo kabla ya kubisha hodi.

Phyllis akainuka kwenye kiti chake bila kusaidiwa, akaja hadi mezani. Watu wote wakasogea, maana laptop ni ndogo. Tulisimama tumebanana, Kingori bega langu la kushoto, na hakuna aliyesukuma.

"Mimi si mtu wa maneno mengi," Simeon akasema, kisha akasema maneno mengi. Alimshukuru kila mtu hadi dereva. Alisema mama wa bibi harusi hayupo hapa kwa sababu yuko jikoni anaokoa harusi, na kama kuna mtu ameshiba leo amshukuru mama huyo, si Simeon. Watu wa mwaka 2008 wakacheka na watu wa leo wakacheka. Phyllis alifunika mdomo kwa shali.

Kisha akamgeukia Lynn. Akasema, "Binti yangu, unaenda mbali, lakini lile shamba la bondeni ni lako. Sisi tutalilima tu kwa niaba yako. Ukirudi siku yoyote, mchanga utakujua."

Shali ikashuka mdomoni mwa Phyllis.

Phyllis akamtazama Lynn. "Wewe ulisikia hii maneno?"

Lynn alikuwa analia. Akasema alisikia, lakini alidhani ni maneno ya harusi tu, ya kufurahisha wageni. Na baba hakurudia tena, naye aliona haya kuuliza.

"Baba yako hakuwa mtu wa kusema kitu ya kufurahisha wageni," Phyllis akasema. Na hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yote kuhusu shamba. Kingori alikuwa anatazama viatu vyake. Mimi nilikuwa natazama viatu vya Kingori.

Hotuba ikaisha. Phyllis akamshika Warigia mkono. Hakuomba ile sehemu ya shamba, wala ile ya jikoni.

"Nirudishie pale anakohoa," akasema.

Warigia akamrudishia. Simeon akakohoa. Phyllis akafumba macho. Akaomba tena. Wageni walikwenda kula, mukimo ukapoa, na wale wanawake wawili bado walikuwa wameinama juu ya ile laptop, wakimsikiliza mtu akisafisha koo.

Nilimwambia Phyllis kuhusu mkwaruzo? Hapana. Alikuwa na furaha. Si vizuri kumharibia mtu furaha. Nilimwambia tu kwamba uchaguzi wa programu ulinichukua wiki mbili.

Jumatatu, 18 Agosti 2025

Lynn amekwenda bondeni asubuhi na mumewe, wakapima kwa hatua. Watapanda viazi.

Nimetafakari sana kuhusu haya yote. Mtu lazima ajifunze. Nimeona kwamba kosa langu lilikuwa moja: nilianza kwa kuchelewa. Ningekuwa nimetazama ile hotuba mapema, ningejua habari ya shamba, ningehamia mpango mwingine bila kupoteza bando. Warigia nimemweleza hivyo. Akasema sawa.

Saa nne amekuja mzee Dedan, yule wa kilimani mwenye mizinga ya nyuki. Alikuwa kwenye sherehe. Ametoa mfuko wa plastiki, ndani yake kuna kanda nyeusi ya video, ile ya miaka ya tisini, kubwa kama tofali. Kwaya ya mkewe, marehemu. Ameshamwuliza Kingori, na Kingori amesema ataangalia. Halafu, akiwa mlangoni, akasema mizinga imemlemea na anatafuta mtu mzuri wa kumwachia.

Nimechukua kanda. Nimemwambia hakuna shida, laptop yangu inacheza kila kitu, aje Ijumaa.

Warigia ameuliza kanda hiyo itaingilia wapi. Nimemwambia aniachie mimi, haya ni mambo ya teknolojia.

Nimeizungusha laptop pande zote. Kanda ni nene kuliko laptop yenyewe. Lakini lazima iko programu yake.